Aliye Chini ya Mkeka

Tangu mwanawe Lotomau afungwe, Fuatino alikuwa akiishi kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Mambo aliyaona, ila yalikuwa mbali kidogo. Alimenya magimbi akajikuta amemenya na ya kesho. Aliingia baharini kuosha miguu, maji yakamfika kiunoni, ndipo akakumbuka kwamba hakwenda kuogelea. Majirani walisema, masikini, mama huyu siku hizi yupo hayupo. Walisema kwa huruma, sawa, lakini walisema kwa sauti, na nyumba zetu za kisiwani hazina kuta. Kila alichosemwa alikisikia akiwa amekaa papo hapo anachambua majani.

Wakili alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo kijiji kizima kimelala na hata mbwa hawana habari na mgeni. Alikuwa msichana wa Apia, mji mkuu wetu wa Samoa, jina lake Tiresa, kavaa miwani mikubwa. Alivua viatu kwenye ngazi, akainama alipopita mbele ya mzee, akakaa akakunja miguu vizuri. Fuatino alipoona vile moyo wake ukatulia kidogo. Angalau huyu kalelewa.

Mzee mwenyewe, Sapolu, mume wa Fuatino na mkubwa wa ukoo, mwenye kubeba jina lake, alikuwa amejilaza na mguu juu ya mto. Jongo lilimtafuna kidole gumba miaka nenda miaka rudi. Likipanda, hata inzi akitua pale alipiga kelele.

"Mama, rufaa yetu imepangiwa tarehe," Tiresa alisema.

"Ashukuriwe Mungu."

"Ashukuriwe. Lakini nisikufiche, tuna sehemu moja tu ya kushika. Usiku jirani yenu Etuale alipokufa hakuna aliyeona. Jioni ile pale kwenye bingo aligombana na Lotomau, kweli, lakini aligombana na nusu ya ukumbi. Daktari alisema hawezi kuapa kama jiwe lilipigwa kichwani au kichwa kiliangukia jiwe. Kilichomfunga Lotomau ni ile ifoga yenu."

Sapolu alikohoa. Hakupenda neno lile litajwe na mtu mwenye faili.

Maana ifoga, ile desturi ya ukoo kuomba msamaha, si jambo la kutajwa ovyo. Alfajiri ile baada ya maiti kuokotwa, kabla hata polisi hawajafika, watu walikuwa tayari wakimnyooshea kidole Lotomau. Basi ukoo mzima wa Sapolu ulikwenda ukakaa kwenye kokoto mbele ya nyumba ya marehemu, vichwa chini, umejifunika mkeka wa heshima, ule mwororo uliofumwa na bibi zao. Wenye msiba wakitaka, wanakupiga mawe na kukuchoma moto ulipo. Wakitaka, wanatoka wanaufunua mkeka, na ugomvi unaishia hapo. Chini ya mkeka, mbele kabisa, hukaa mkubwa wa ukoo. Sapolu ndiye angekaa. Lakini asubuhi ile kidole gumba kilikuwa kimevimba kama shelisheli changa, kupiga magoti hawezi, na Fuatino ndiye aliyesema, "Lotomau, kakae wewe badala ya baba yako. Upesi, jua linatoka."

"Mjomba wa marehemu aliapa kwamba alimsikia Lotomau chini ya mkeka akisema, 'Nisamehe,'" Tiresa aliendelea. "Mahakama ikalipokea neno hilo kama mtu amekiri kuua. Mimi nasema halikustahili kupokelewa hata kidogo. Yale ni maneno ya mila. Ukoo ndio unaosema, yule aliyekaa ni mdomo tu. Likitolewa neno lile, kesi haina miguu."

"Basi waambie hivyo," Fuatino alisema. "Si umesoma wewe?"

"Nitawaambia. Lakini jaji ataniuliza swali moja. Kama ni ukoo unaoomba, mbona hakusema 'tusamehe'? Mbona alisema 'nisamehe'?" Akavua miwani akaifuta kwa pindo la gauni. "Nani alimfundisha maneno asubuhi ile?"

"Mimi."

"Ulimfundisha aseme lipi?"

Kuku aliingia upande mmoja wa nyumba akatokea upande wa pili. Fuatino alimtazama mpaka akapotea.

"Siku nyingi, mwanangu," alisema. "Niache nikumbuke."

Alikuwa anakumbuka. Hakuna siku aliyosahau. Alimshika mwanawe masikio kama mtoto mdogo, huku wamesimama gizani, akamwambia, sema tusamehe, basi, usiongeze. Na yeye mwenyewe, akiwa nyuma yake chini ya mkeka uleule, alimsikia kwa masikio yake akisema nisamehe.

*

"Hutakwenda mahakamani," Sapolu alisema wakili alipoondoka.

"Nitakwenda."

"Mwanamke, nisikilize. Ifoga ile ndiyo iliyozuia mawe juu ya paa hili. Aperila alitoka na kilio chake kooni, mama aliyefiwa usiku uleule, akaufunua mkeka kwa mikono yake mwenyewe. Leo usimame mbele ya wageni umwambie yalikuwa maneno tu? Kwamba tulikwenda pale kumwimbia wimbo?"

"Mwanao anaozea jela, wewe unalinda mkeka!"

"Nalinda jina."

"Jina halilali sakafuni. Jina haling'atwi na mbu." Fuatino alihisi maneno yanakuja, akajua ni mabaya, na hakuyazuia. "Kidole chako kingekuwa kizima siku ile, ungelala wewe kule. Sasa hivi ungekuwa unalinda jina huko huko."

Mtu wa kwingine angegeukia ukutani. Sapolu aligeukia baharini, akabaki hivyo mpaka kengele ya sala ya jioni. Fuatino alimhurumia, lakini hakumwomba radhi. Tangu Lotomau afungwe, kuomba radhi kulikuwa kumemtoka rohoni.

*

Siku ya kutembelea wafungwa alikwenda na gari la mchungaji. Alibeba magimbi, samaki wa kuoka na majani yaliyopikwa kwa tui zito la nazi, vyote vimetoka kwenye tanuri la mawe asubuhi hiyo. Askari wa langoni, kijana ambaye kwa sura angeweza kuwa mjukuu wake, alifungua kikapu akatoboa gimbi kwa kalamu.

"Unatafuta nini humo, baba? Tindo?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama." Akafunua samaki. "Ah! Mkubwa hivi kwa mtu mmoja?"

"Mkate kichwa ukale. Mwenzio hali vichwa."

Askari alicheka, akaona haya, akachukua nusu nzima. Fuatino alifunga kikapu akapita. Ukitaka kuona mwanao, nusu ya samaki ni bei ndogo.

Lotomau alikuwa amekonda shingo. Alikula taratibu, akijifuta vidole kwa majani ya ndizi, akimtazama mama yake kama anayemtazama kupitia maji. Aliulizia mguu wa baba. Aliulizia Malaea, mkewe, kama amerudi kutoka kwao. Hajarudi, Fuatino alisema, mtoto ana kikohozi. Wote wawili walijua si kikohozi.

"Loto. Chini ya mkeka. Nilikwambia useme nini?"

Mkono wa Lotomau ukasimama njiani.

"Tusamehe."

"Ukasema nini?"

"Mama..." Aliliweka gimbi chini. "Mle ndani palikuwa na joto. Mwanga ulikuwa unapita kwenye ufumaji, vitone vitone, nikaona miguu ya mama yake Etuale inakuja. Nikataka kusema ulivyoniambia. Mama, mimi usiku ule..."

Fuatino alimziba mdomo kwa kiganja, mbele ya watu wote. Tui la nazi likambaki mkononi.

"Usiniambie! Nitakwenda kula kiapo. Nikijua, nitaapa huku najua. Nyamaza, mwanangu, nakuomba. Kula."

Akala. Fuatino akamtazama anavyokula, na hofu ile aliyokuwa akiifukuza tangu siku ya kwanza ikaja ikakaa karibu naye kwenye benchi. Labda kweli aliua. Labda mikono hii inayoshika samaki ndiyo iliyoshika jiwe. Aliisubiri nafsi yake ishtuke, haikushtuka. Kumbe alikuwa anataka arudi nyumbani hata hivyo, aliyeua au asiyeua, na kujua hivyo kulimtisha kuliko hofu yenyewe.

Njiani alisinzia garini akaota. Mkeka ulikuwa umekuwa mpana, umefunika kijiji, kanisa, miamba mpaka kule mawimbi yanapovunjika, na watu wote wanaendelea na shughuli zao chini yake kwenye mwanga wa dhahabu. Mtu mmoja tu nje alikuwa anatembea juu, nyayo zake zinabonyeza mkeka hapa na pale, anatafuta pindo la kushika. Fuatino aliamka mchungaji anamwambia wamefika, na shavu lake lilikuwa limelowa.

*

Majaji walikuwa watatu. Wawili walikuwa wageni kutoka ng'ambo na mkalimani alikaa ubavuni mwao akinong'ona muda wote. Fuatino alivaa gauni lake jeupe la kanisani na kofia yake ya majani yaliyosukwa, kisha akaambiwa aivue kofia. Aliivua, akajihisi yuko uchi.

Alipogeuka kutafuta pa kuiweka ndipo alipomwona Aperila. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma, peke yake, bado na nguo nyeusi. Kwenye kesi ya kwanza hakuja. Kaka yake ndiye aliyekwenda kusema. Sasa amekuja. Macho yao yalikutana, na Aperila aliinamisha kichwa kidogo, salamu ya heshima kabisa, ya mtu na jirani yake.

Fuatino aliweka mkono juu ya Biblia. Tiresa alimuuliza ya mguu wa Sapolu, ya alfajiri, nani hukaa chini ya mkeka na kwa nini. Alijibu yote, na yote yalikuwa kweli. Jaji mmoja, mzee mwenye nyusi nyeupe, aliinama mbele.

"Kwa hiyo mama anasema hata mtu asiyeua anaweza kukaa pale?"

"Mheshimiwa, mkeka hauulizi nani kaua. Anakaa aliyetumwa na ukoo. Baba yangu mimi alikaa kwa ajili ya binamu ambaye hata sura yake hakuijua vizuri."

Watu wakacheka. Hata mkalimani. Kisha wakili wa serikali akasimama, mtu mpole, akamwita mama kwa adabu.

"Mama, kama Lotomau alisema kwa niaba ya ukoo, kwa nini alisema 'nisamehe'? Hilo ni neno la mtu mmoja."

Ukumbi ulikuwa na feni inayolia kwiyo, kwiyo. Fuatino aliisikia. Alimwona Lotomau kizimbani, anatazama chini. Alimhisi Aperila nyuma kwa kisogo chake, kama mtu anavyohisi moto. Lilikuwa neno dogo sana. Mwanzo wa neno tu, sauti ambayo mtu mwenye mafua angeweza kuikosea. Maisha yote ya mwanawe yalikuwa yananing'inia hapo.

"Ndivyo nilivyomfundisha," alisema.

"Ulimfundisha aseme 'nisamehe'?"

"Mimi mwenyewe. Nilimshika masikio. Aliye chini ya mkeka hana mimi yake, mheshimiwa. Akisema mimi, ni ukoo mzima unaosema, hai na wafu. Maneno yale ni yangu. Kama ni kosa, mwenye kosa nipo hapa."

Wakili wa serikali alimtazama kidogo, akakaa.

*

Hukumu ilipotoka, Tiresa aliwasomea kwa Kisamoa polepole. Majaji walisema neno lililosemwa chini ya mkeka halikupaswa kupokelewa kuwa ushahidi, kwa kuwa haijulikani ni la nani. Walisema pia kwamba neno la kuomba amani likigeuzwa mtego, watu wataogopa kuomba amani. Likitolewa hilo, kilichobaki hakitoshi kumfunga mtu. Lotomau yuko huru, na kesi haitarudiwa.

Siku aliyorudi nguruwe walichinjwa, kwaya ikaja, Malaea naye akarudi na mtoto ambaye kikohozi kilikuwa kimepona ghafla. Upande wa kina Aperila hakuja mtu. Lotomau alikaa katikati ya karamu akashukuru kila aliyemshika mkono, na kila alipodhani haonekani alitazama barabarani.

Sapolu alingoja mpaka wageni wapungue.

"Umekula kiapo."

"Nimekula."

"Kimekaa tumboni?"

"Hakijakaa," Fuatino alisema.

Sapolu alimsogezea nusu ya mto wake wa mguu ili aegemee.

*

Aperila alikuja asubuhi, siku ya kazi, watu wakiwa mashambani. Hakupitia nyuma kama majirani wapitavyo. Alipitia mbele, akavua kandambili, akakaa kwenye ukingo wa sakafu penye jua. Fuatino alikuwa anafuma. Akauweka ufumaji chini.

"Karibu ndani, dada."

"Hapa panatosha."

"Nikuletee chai?"

"Fuatino, mimi ndiye niliyeshika pindo la ule mkeka." Aperila hakupandisha sauti. "Nilikuwa karibu naye kuliko kaka yangu, kuliko wewe. Yapo maneno ya kufundishwa, nimeyasikia maisha yangu yote, nayajua mlio wake. Lile halikuwa la kufundishwa."

Fuatino alifungua kinywa. Aperila akainua kiganja.

"Sikuja kukusuta. Ningekuwa wewe, ningeapa mara mbili. Lakini majaji wamesema neno lile halijulikani ni la nani. Sasa mimi nilisamehe nini? Niliufunua mkeka, nikakuta mtu analia, nikasema basi, nimesamehe, nikarudi kuzika. Kila siku nilikuwa najiambia, Aperila, ulisamehe. Leo naambiwa hapakuwa na mtu. Mwite. Hakuna mahakama hapa. Sitamwambia mtu, naapa kwa kaburi la mwanangu."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Lotomau alikuwa ameshatoka jikoni. Alishuka ngazi, akakaa kwenye kokoto chini ya miguu ya Aperila, kichwa wazi, jua likimpiga utosini. Fuatino alitaka kusimama, kumziba mdomo tena. Mwanawe akamwahi.

"Sikumuua," Lotomau alisema.

"Basi uliniomba nini?"

Sapolu, ndani, alikuwa amejiinua kwa viwiko.

"Nilimkuta njiani, pale kwenye ukuta wa bahari. Alikuwa ameanguka, au ameangushwa, sijui, naapa sijui. Amekaa chini ameegemea, damu iko kichwani. Akaniita, 'Loto, nipe mkono.' Na jioni ile alikuwa amenitukana mbele ya mke wangu, maneno ya kutukana ukoo. Nikamwona amelewa. Nikasema moyoni, kaa hapo, mwendawazimu, pombe ikutoke. Nikampita."

"Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea vizuri tu."

"Ukampita."

"Nikampita, mama. Na asubuhi waliposema amekufa... Nikasema nitawaeleza polisi, nikaona, nani ataniamini? Mtu agombane na mwenzake jioni, amkute usiku, halafu aseme hakumgusa? Nikanyamaza. Ila pale chini ya mkeka nilipoiona miguu yako, nilishindwa kusema tusamehe. Baba hakumpita. Mama hakumpita. Ni mimi."

Fuatino alilia. Alilia kwa shukrani kwamba mikono ile haikushika jiwe, na papo hapo akalia kwa aibu, maana alikuwa anashukuru mbele ya mama ambaye mwanawe angeweza kuwa hai leo. Vyote viwili vilimtoka pamoja na hakuweza kuvitenganisha. Usiku ule wote aliokuwa akiuogopa ulikuwa mkono mmoja tu ambao haukunyooshwa.

Aperila alitazama barabara, ile ile, nyeupe kwa vumbi la matumbawe, inayokunja kuelekea ukuta wa bahari.

"Hakusema kitu kingine?"

Lotomau naye alitazama kule kule.

"Nilipofika kwenye kona niliisikia sauti yake tena. Hakuniita mimi."

"Alimwita nani?"

"Wewe."

Mikono ya Aperila ilikamata sakafu.

"Walisema alikufa palepale," alisema. "Kaka yangu alisema hakuhisi kitu. Nyumba yetu haina ukuta, Loto, hapo pana umbali gani? Nilikuwa nimewasha redio. Nilikuwa nimewasha redio mimi, nasikiliza nyimbo za kanisa." Akamgeukia Lotomau. "Aliniitaje?"

"Aliita tu, mama."

"Hapana. Uliisikia wewe peke yako, mimi sijaisikia. Nenda pale barabarani uniite vile alivyoniita."

Lotomau alimgeukia mama yake. Fuatino alitikisa kichwa kukubali. Basi akasimama, mtu mzima na mvi zilizomwota jela, akatembea polepole hadi barabarani, akaenda mpaka karibu na kona. Alisimama pale na mikono imening'inia. Kisha akaita.

"Mamaaa!"

Ilikuwa sauti ya mtoto aliyejikwaa. Mbwa waliacha kubweka. Sapolu alijifunika uso.

Aperila alikuwa ameshasimama. Alishuka ngazi bila kandambili, akaanguka goti moja kwenye kokoto, akainuka, akaanza kukimbia kuelekea kwenye kona, mwanamke mnene mwenye nguo nyeusi anayekimbia juani, huku anaitikia kwa nguvu zake zote.

"Abee, mwanangu! Nimesikia! Nakuja, baba, nakuja!"